Matundu Kumi na Mawili

Jumatatu, 2 Juni
Jumamosi binti yangu Yaretzi anatimiza miaka kumi na mitano. Kama desturi yetu, nitapiga magoti mbele ya wageni wote, nimvue viatu bapa, nimvishe vya kisigino. Vya kushonwa na nani? Eti shemeji Nabor, fundi wa kusifika mji mzima wa León! Na mimi? Miaka ishirini napaka soli gundi kiwandani, huo si ufundi? Magoti ni yangu, na viatu viwe vyangu. Nimeshanunua ngozi ya mwanambuzi, nyembamba mno, na msharasi wa kuitobolea.

Jumanne, 3 Juni
Nimempa Nabor kipimo cha mguu. Cha mke wangu Eulalia! Viatu vyake vitampwaya mtoto, vyangu vitamkaa. Akili ya kuzaliwa nayo. Nabor alikitazama kipimo, akacheka peke yake. Acha acheke.

Jumatano, 4 Juni
Nilipita kwa Nabor kupeleleza. Anashona mishono sita tu kwa upana wa kidole gumba! Nikamuuliza mbona michache. Akasema, “Shemeji, ngozi nyembamba haitaki matundu ya kubanana. Ukiyabana, itachanika kama stempu. Na ngozi si mwili, tundu halifungi.” Wivu mtupu. Mimi nitatoboa kumi na mawili.

Nafasi za matundu nimezipimia kitana cha Eulalia, meno yake yako sawasawa. Amekitafuta nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemaliza! Plasta vidole vitatu. Yaretzi alinifuma, nikaficha kiatu ndani ya shati. Akauliza, “Baba, tumbo lako limeota kisigino?” Nikasema ni gesi. Akanibusu kipara, akaenda zake. Nampenda huyu mtoto hadi naumwa.

Jumapili, 8 Juni
Jana! Viatu vya Nabor vilipwaya kama nilivyopanga. Nikatoa vyangu, ukumbi ukashangilia. Nikamvisha huku machozi yananitoka, sikujificha. Tukaanza dansi yetu. Hatua ya nne, chrrr! Ngozi ikachanika palepale kwenye mstari wa matundu. Hatua ya sita, cha pili nacho. Nilitamani ardhi inimeze.

Yaretzi akavivua, akapanda na soksi zake juu ya viatu vyangu, kama alivyozoea akiwa na miaka minne. Akaninong'oneza, “Twende, Baba. Usisimame.” Tukacheza hadi mwisho. Amekuwa mzito. Sikutaka muziki uishe.

Viatu vya Nabor vimemkaa Eulalia barabara, amevichezea hadi supu ya pozole ikapoa. Nikamwendea Nabor. Akasema, “Mguu wa dada yangu niusahau? Nilijua tangu Jumanne. Nikaona naye apate viatu, na wewe upate magoti yako na mtoto wako.” Nikamkumbatia. Akaniambia niende kwake Jumatatu, anifundishe kushona.

Jumatatu, 9 Juni
Sikwenda. Ya nini, nami kosa nimeshaligundua mwenyewe? Meno ya kile kitana yalikuwa yameachana mno.

Mdogo wake Yaretzi, Nayeli, atatimiza kumi na mitano baada ya miaka mitatu. Nimenunua ngozi, na kitana cha chawa. Nabor nitampa kipimo cha mama mkwe.