Kamati ya Kusimamia Madirisha

Napenda kuwatangazia wananchi wote wa Morogoro, pamoja na wale wa milimani ambao tangazo hili litawafikia likiwa limechakaa, kwamba mwezi Machi 1998 Mamlaka ya Mboga na Matunda ya Milimani iliunda Kamati ya Kusimamia Madirisha. Mimi, Alois, Ofisa Utumishi Mwandamizi, niliteuliwa kuwa katibu wake. Nilipokea uteuzi kwa unyenyekevu, kisha nikaagiza muhuri.

Madirisha ninayoyasema si ya nondo na wavu wa mbu. Ni ya ndani ya kompyuta. Soko huria lilikuwa limeingia, na wafadhili walituletea kompyuta moja ili tusiachwe nyuma. Ukifungua barua, kwenye kioo linatokea dirisha. Ukifungua nyingine, dirisha la pili linalifunika la kwanza. Mkurugenzi wetu, Bwana Stambuli, alikuwa hodari wa kufungua. Kufunga hakutaka. Alisema kufunga ni kazi ya watu waliomaliza kazi, na yeye alikuwa kiongozi.

Kuizima mashine ilikuwa marufuku. Hata betri ya akiba iliyokusudiwa friji ya mbegu ilihamishiwa kwenye kompyuta, umeme ukikatika isizimike. Kwa hiyo madirisha yalifika kumi na tisa, moja juu ya jingine, na chini kabisa ndiko kilikokuwa kibali cha kusafirishia mboga. Kukifikia kulihitaji Fomu M.4 kwa kila dirisha lililokuwa juu yake, nakala tatu, zijadiliwe na Kamati inayokaa kila Alhamisi. Utaratibu huu niliubuni mwenyewe.

Ijumaa moja akaja Mama Felista, mkulima wa kabichi kutoka Mgeta. Lori lake lilikuwa uani kwetu tangu Jumatatu. Bila kibali asingevuka kizuizi cha Mikese kwenda Dar.

"Mzee, kabichi zinanuka," alisema.

"Mama, suala lako lipo katika hatua nzuri. Jana tumefunga madirisha mawili."

"Yamebaki mangapi?"

"Yalibaki kumi na sita. Ila leo asubuhi Mkurugenzi amefungua matatu."

"Sasa si mnarudi nyuma?"

"Tunapanuka," nikamsahihisha.

Mama Felista akakaa sakafuni, khanga mdomoni, akaanza kulia kimya kimya. Mpiga chapa wetu, Hosiana, alimtazama, akavuta kiti kwenye kompyuta. Kidole gumba kikakandamiza kitufe kimoja, kingine kikadonoa cha jirani, na madirisha ya Mkurugenzi yakapita mbele yetu kama karata mkononi mwa mcheza kamari. Akasimama kwenye kibali. Printa ikapiga kelele. Mama Felista akaondoka na karatasi yake kabla chai yangu haijapoa.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Njia ya mkato, Bwana Alois. Na nimeandika amri ndogo pia. Ukibonyeza vitufe hivi viwili, madirisha yote yanajipanga safu kwa safu, unaona kila moja."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye kitabu kilichokuja na mashine. Nilikikuta kimezuia mlango wa stoo usijifunge."

Jambo zito kama hilo haliwezi kuachwa. Kamati ilimfungulia mashtaka ya kupita juu ya madirisha ya viongozi bila kubisha hodi. Bwana Stambuli aliongoza kikao mwenyewe.

"Ulipopita, uliyasoma yaliyomo?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa natafuta kibali."

"Lakini ungetaka, ungeweza?"

"Ningeweza."

Akatiwa hatiani kwa kuweza. Zama zile mashirika yalikuwa yanapunguza watu, basi jina lake likaingizwa kwenye orodha. Nilipomkabidhi barua, aliisoma mara mbili. Mimi nilitazama saa yangu, nina uzoefu.

"Miaka kumi na minane, Bwana Alois. Na nina watoto wanne."

"Barua haina nafasi ya watoto," nikamweleza kwa upole.

Amri yake ndogo, hata hivyo, haikupunguzwa. Ilipewa jina jipya, Mfumo Stambuli. Mkurugenzi alimtaka Hosiana aandike maelekezo kabla hajaondoka. Aliandika, kisha akaongeza kwa mdomo:

"Mzee, amri hii inaonyesha kila kilicho wazi. Usichotaka kionekane, kifunge kwanza."

"Nimeshakifunika," akajibu Bwana Stambuli.

"Kufunika siyo kufunga."

"Dada, nenda salama."

Wiki mbili baadaye wakaja wageni kutoka Dar kuikagua Mamlaka kabla haijauzwa kwa mwekezaji. Kiongozi wao, Bi Regina, alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mkurugenzi akawaketisha mbele ya kompyuta, akahutubia dakika arobaini juu ya uwazi, kisha akabonyeza vitufe viwili.

Mfumo ulifanya kazi bila dosari. Madirisha yote yakajipanga safu kwa safu, kila moja na kichwa chake cha habari.

Bi Regina akavaa miwani.

"Ghala la Kihonda: litangazwe kuwa bovu," akasoma. Kidole chake kikahamia safu ya pili. "Maombi ya kununua ghala bovu la Kihonda. Mwombaji, Magreth Stambuli. Huyu ni nani yako?"

"Ni... ni raia," alisema Mkurugenzi.

"Orodha ya watakaopunguzwa. Imekamilika Januari. Na kamati ya kuamua nani apunguzwe iliundwa Machi." Akasogea zaidi. "Hii hapa ni shukrani. 'Mzee, kiwanja nimekiona, Mungu akuzidishie. Wako mtiifu, Alois.'"

Jasho lilimtiririka Bwana Stambuli hadi kwenye tai.

"Alois! Funga! Funga yote!"

Naomba nieleweke. Nilitaka sana kufunga. Lakini vitufe vya kufungia nilikuwa sivijui, na kujificha nyuma ya utaratibu ndiyo kazi pekee niliyosomea.

"Mzee, panahitajika Fomu M.4," nikasema. "Na leo ni Jumanne."

Bi Regina aliondoka na kompyuta yenyewe, imefungwa kamba. Mkurugenzi na mimi tukapewa siku saba za kuwasilisha barua za kujieleza, zikiwa zimepigwa chapa.

Mji mzima ulijua ni nani anayepiga chapa bila makosa. Hosiana alikuwa amekodi chumba Kihonda, ana mashine moja ya mtumba na benchi lililojaa wateja. Tulipoingia alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Karibuni. Foleni inaanzia kule nje."

Tulisubiri juani saa mbili. Zamu ya Bwana Stambuli ilipofika, aliinama karibu na sikio la Hosiana.

"Barua ya kujieleza," alinong'ona.

"Kwa kosa gani, mzee? Nitajie kwa sauti. Ninaandika ninachosikia."

Benchi zima likaacha mazungumzo. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake mdomo ili asikose neno. Bwana Stambuli akakohoa, akatazama dari, akaanza: "Mimi, nikiwa Mkurugenzi, nilitangaza ghala zima kuwa bovu..."

"Taratibu, mzee. Ghala zima kuwaje?"

"Bovu."

Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nikajipenyeza na rasimu yangu ya kurasa mbili, nikamnyooshea Hosiana kimya kimya. Yangu ilikuwa imeandikwa tayari, haikuwa na haja ya kutamkwa.

Aliipokea, akaitazama juu na chini, akanirudishia.

"Mwandiko wako sijawahi kuuweza, Bwana Alois. Simama pale mlangoni usome, na wale wa nje wasikie."