Pikipiki Isiyovuja

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Pikipiki ya marehemu baba bado inavuja oili. Ni ya mwaka 1978, aliipata akiwa bwana shamba, na wazee wa Nyansurura wanaikumbuka kwa mlio wake. Mzee Heche, baba yake Gati, amekubali niipeleke Jumamosi badala ya ng'ombe wa mwisho wa mahari. Bila hiyo, Gati haji kwangu.

Fundi Emanueli amechungulia, akasema sili ya kuzuia oili imekufa na gasketi imechoka. Injini ifunguliwe, vifaa viagizwe Mwanza, nisubiri wiki mbili. Wiki mbili! Na Mwalimu Wilbard, yule wa Bukoba, kila jioni yuko kwa Mzee Heche, eti anafundisha wadogo zake Gati hesabu. Nimemwambia Emanueli nitaitibu mwenyewe.

Jumanne, 5 Novemba

Sabuni ya kipande. Kama inaziba tangi la petroli, itashindwaje na injini? Nimeikanda, nikaipaka kwenye maungio yote. Ikakauka vizuri. Nikawasha. Injini ikapata moto, sabuni ikayeyuka, oili ikatoka na povu. Mama akatoka jikoni, akauliza ninafua nini.

Baba angeifungua siku ya kwanza, taratibu, kila boliti akiiweka kwenye sahani. Nimemkumbuka mpaka ugali umenishinda.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata! Kinachovuja ni oili. Bila oili, hakuna kuvuja. Nimeimwaga yote, nimeifuta injini kwa mafuta ya taa, nimeiegesha juu ya boksi safi tangu asubuhi. Jioni boksi kavu. Mzee Heche ana goti bovu, ataiweka uani aitazame tu. Emanueli amepita, akauliza nimefanyaje. Nimemwambia ni ufundi.

Jumamosi, 9 Novemba

Sina hamu ya kuandika. Niliipeleka kwa mkokoteni wa punda, nikasema ni kwa heshima, isipate vumbi. Wazee wakaikagua kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari. Walizunguka, wakaminya matairi, wakapima usawa wa usukani. Mzee Wegesa, mdogo wake Heche, akapitisha kiganja chini ya injini. Kikatoka safi. Gati alikuwa mlangoni pa jiko, akatabasamu.

Ndipo Mzee Heche akasema ng'ombe hapokelewi kabla hajatembezwa. Nikamwambia pikipiki imechoka na safari.

"Mura, kijana wangu, imepanda mkokoteni," akasema.

Akarusha lile goti bovu juu ya pikipiki, akaiwasha, akaondoka kuelekea Nyambureti, Wegesa nyuma. Ule mlio wa baba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mlio ukapanda, ukakwaruza, ukakatika. Tukasubiri sana. Walirudi wakisukuma, na aliyewasaidia kusukuma ni Wilbard, mikono ya shati ameikunja. Injini imekamata, haizunguki tena. Gati alikwishaingia ndani.

Jumapili, 10 Novemba

Gati amepiga simu. Amesema baba yake hakuwa na shida na oili. Pikipiki ile ilivuja tangu enzi za baba yangu, kila mtu anajua, na Mzee Heche alikuwa ameshatafuta kopo la kukingia. Kilichomuumiza ni kudanganywa mbele ya wazee. Mzee amenipa mpaka Jumamosi nipeleke ng'ombe, la sivyo nikachukue wale wa kwanza niliokwisha kutoa. Gati alilia. Mimi pia.

Emanueli ameitazama injini, akasema hata kuifungua sasa ni kujichosha. Nimejisikia kama tumemzika baba upya.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama amenipa ng'ombe wake wa pekee, huyu tunayemkamua. Ni mzuri, ila anachechemea mguu wa nyuma. Mama amesema nimweleze Mzee Heche ukweli kuhusu mguu, ni mtu mwelewa. Nimeitikia.

Halafu nimekwenda kumuuliza mwenye punda kama mkokoteni wake unaweza kubeba ng'ombe.