Mdudu Aitwaye Panchi

Mkulima yeyote mwenye akili zake huwaua wadudu. Mkurugenzi yeye alikuwa anawatafuta kwa udi na uvumba!

Cheo hicho alijipa mwenyewe. Kampuni yake ilikuwa matuta machache ya spinachi bondeni, mfanyakazi wake mkewe, na mteja wake mmoja tu: dalali mwenye pikapu, gari pekee lililothubutu kushuka barabara mbovu ya bondeni. Dalali akitaja bei, imetajwa. Ukibisha anawasha gari, na spinachi haina subira. Kesho yake ni chakula cha kuku.

Sasa kulikuwa na neema njiani. Duka kubwa la mjini, lenye kuuza mboga zisizopigwa dawa, lilikuwa linamtuma mnunuzi wake kukagua bustani za bondeni. Mkulima ambaye angempendeza angechukuliwa mboga kila wiki, kwa bei ya maana. Mnunuzi huyo, mama mmoja, alimpigia Mkurugenzi simu asubuhi. "Vishimo viwili vitatu vya wadudu hatuvikatai," alisema. "Vinaonyesha hamjapiga sumu."

Mkurugenzi alisikia neno moja tu: vishimo. Hapo hapo akampigia dalali. "Wewe na pikapu lako, tusijuane tena."

Alipofika bustanini, roho ikamruka. Jani zima, jani zima, jani zima! Mkewe alikuwa akiokota viwavi kwa mkono tangu mbegu zilipoota, na hakubakiza hata wa dawa.

"Umenimaliza, mke wangu. Nani ataamini hii haijapigwa sumu?"

"Si umwambie ukweli, baba watoto?"

"Ukweli hauonekani kwenye jani."

Akakimbia kwa shemeji yake, karani wa shule, akaazima panchi ya kutobolea karatasi. Akatoboa tuta baada ya tuta, ka, ka, ka, vidole vimekufa ganzi, huku akipiga mluzi kama bwana harusi. Mkewe alikataa katakata kuishika. Alisimama mkono kiunoni, akacheka mpaka akakaa chini.

Alasiri mama mnunuzi akafika, majirani wakimfuata na matenga yao, maana nao walitaka bahati. Akachuma jani, akalitazama. Akachuma la pili, akaliweka juu ya la kwanza. Mashimo mawili mawili, duara kamili, nafasi ile ile. Ungeweza kuyafunga kwenye faili!

"Mdudu gani huyu?"

"Tunamwita panchi," Mkurugenzi akajibu, jasho likimtoka.

"Sijawahi kumsikia. Yuko kwako tu?"

"Bonde zima, mama. Ni tishio."

Mama akalitupa lile jani kama limemng'ata, akatoa simu. "Basi hapa hatuchukui mboga ya mtu yeyote. Mdudu mgeni ni hatari. Ngoja nimwite afisa kilimo alifunge bonde."

Majirani wote wakageuka wakamtazama Mkurugenzi. Si macho ya kumpongeza.

"Usipige, mama," mkewe akasema. "Mdudu mwenyewe ni wa chuma, na ni mali ya shule." Akamchomoa mfukoni mwa koti la mumewe.

Mama mnunuzi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akasikitika kwelikweli. "Nilisema mashimo hatuyakatai, sikusema tunayatafuta. Kipimo cha sumu ninacho garini. Majani yangekuwa mazima, ningechukua yote."

Akapakia mboga za majirani, wakaandikiana mkataba pale pale, akaondoka. Mkurugenzi alibaki na spinachi yake inayopitisha upepo, na jua lilikuwa linaichoma.

Ikabidi ameze aibu na kumpigia dalali. Dalali alishuka kwa madaha, akazunguka bustani nzima bila haraka, akachuma jani na kumchungulia Mkurugenzi kupitia tundu.

"Bei ni ile ile, Mkurugenzi," alisema. "Ila mimi nanunua majani tu. Mashimo kauze mjini."