Malkia Wanne na Sura ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaa meza ya chini kupita kiasi. Sisemi maishani, ingawa hata huko si uongo. Nasema kwenye poka ya kompyuta, meza ya dau dogo kabisa, ambako nimeketi tangu baridi ianze pamoja na watu wanaojiita Simba, Jini na Baba Lao. Kwa uchezaji wao, wote wangepaswa kuwa darasani saa zile.

Lengo ni tiketi mbili za treni. Mdogo wake mke wangu, waliyepotezana siku tuliyokimbia nchi yetu kwa malori, amepatikana. Yu hai, ana wajukuu, anaishi nchi ya pili kutoka hapa. Kila Jumapili dada hawa huongea kwa simu. Wakimaliza, mke wangu hubaki na simu mkononi muda mrefu, kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mtu mwingine. Binti yetu, muuguzi, amejitolea kulipa nauli. Nimekataa. Mimi ndiye niliyempandisha mke wangu kwenye lori lile, basi mimi ndiye nitakayempandisha treni.

Kuhusu poka hajui lolote. Nimemwambia naandika kitabu cha maisha yetu. Macho yake yameingia ukungu, hawezi kuona kilichomo kwenye kioo. Mpango hauna tundu hata la kupitisha sindano.

Jumanne, 4 Machi

Tundu lipo. Mke wangu amelitangazia jengo zima kuhusu kitabu. Fundi bomba ameniuliza kama naye yumo. Nimemwambia ana sura nzima. Alifurahi hata akasahau kuziba kilichokuwa kinavuja.

Nikashuka kunyolewa. Kinyozi wa ghorofa ya chini ndiye aliyenifundisha poka, na sasa yuko meza ya tatu kutoka chini, jambo ambalo hamfichi mteja yeyote. Akiwa na wembe shingoni mwangu aliuliza kama watoto wa chekechea wa meza yangu wote hawajambo. Si rahisi kumjibu mtu katika hali ile. Wembe ulipoondoka nilimweleza kanuni: mchezaji makini hapandi meza mpaka awe na mtaji wa kuingilia meza mpya mara thelathini, kwa sababu hata bingwa hupata wiki mbaya. Akauliza mimi ninao wa mara ngapi. Nikamwambia tisa. Akasema kwa mwendo huo nitapanda nikiwa nimelala chali.

Nimetafakari njia nzima ya ngazi. Thelathini ni kwa vijana wasio na uzoefu. Mimi nilikuwa msoma prufu kwenye kiwanda cha chapa, mtu wa kuona koma iliyopotea kutoka meza ya jirani. Tisa yangu ni sawa na thelathini ya mwingine. Nimeruka meza ya pili, nimekwenda moja kwa moja ya tatu. Kinyozi na ajue.

Jumatano, 5 Machi

Meza ya tatu ni ulimwengu mwingine. Niliingia na kusalimia, kama ada yangu. Kule chini hakuna aliyewahi kujibu ila Jini, na jibu lake siliandiki. Hapa, papo hapo, kijana anayejiita Makali akaandika: Shikamoo, mzee.

Ilibidi nivue miwani niifute. Mji huu umenipa hati, bomba la maji ya moto na kiti cha heshima maktaba, lakini shikamoo nje ya jengo letu sijui niliipata lini. Nikajibu marahaba, nikamuuliza hali ya wazazi. Wazima, akasema, kisha akaongeza dau kubwa. Nilikuwa na mfalme na malkia wa rangi moja. Sasa, mtoto amekuamkia, umeitikia, wazazi wake wazima. Utamnyang'anya? Nilitupa karata. Baadaye kidogo akaniamkia tena. Nikatupa tena.

Adabu bado ipo duniani. Leo imenilia robo ya mtaji.

Alhamisi, 6 Machi



Mchana nilipata malkia wawili mkononi. Karata za mezani zikafunuliwa, na humo wakatokea malkia wengine wawili. Malkia wanne! Nilisoma prufu za vitabu vya kila namna bila kukuta jambo kama hilo. Makali alikuwa amesukuma fedha zake zote katikati, na wenzake wawili wakamfuata. Kitita kile kilikuwa nauli ya kwenda, na ya kurudi tungeijua tukishafika. Hakukumbuka hata kuniamkia. Kilichobaki ni mimi kubonyeza mara moja.

Ndipo mke wangu akaingia na chai. Akaketi mbele yangu, akasema leo anataka kusomewa. Nikasema bado ni rasimu. Akasema yeye si mchapishaji. "Nisomee siku ya lori," akasema. "Wewe huwa huisemi."

Nikakodolea kioo, nikaanza kusoma kisichokuwepo. Sura ya tatu, nikasema. Nikasoma kwamba asubuhi ile alivaa viatu vya kaka yake, akaacha masufuria na mapazia, akabeba kamusi yangu kubwa, kwa sababu nguo, alisema, zinapatikana popote. Nikasoma kwamba lori letu lilijaa, na mdogo wake akavutwa kwenye lori la nyuma. Kwenye njia panda sisi tukaenda kulia, wao wakashika kushoto. Mdogo mtu akatoa mkono nje akipunga kitambaa chake cha kichwa cha kijani, na alikipunga mpaka kona ikamficha, na mke wangu akaendelea kuitazama kona.

"Cha bluu," akasema mke wangu.

Nikasema nitasahihisha. Niliporudisha macho kwenye kioo, ile saa ndogo inayozunguka zamu yako ikifika ilikuwa imekwisha. Mashine ilikuwa imenitupia karata zangu. Makali alikomba kitita, akaandika: Ahsante, mzee, Mungu akuweke.

Mke wangu akasema niendelee. Nikasema sura imeishia hapo. Akanywa chai yake taratibu, akasema ni sura nzuri, ila ina makelele.

"Macho ndiyo mabovu, bwana. Masikio yangu mazima. Kitabu gani hicho kinachochanga karata?"

Alijua tangu Jumatatu. Tangu Jumatatu hiyo hiyo alikwishakubali nauli ya binti yetu, na tiketi zinakuja Jumamosi. Hakukasirika. Alisema alitaka tu kuona nitaibana siri mpaka lini. Kisha akaweka kikombe chini, akasema ameshamwahidi mdogo wake kitabu. Mdogo wake hajawahi kujua kama kutoka lori letu tulimwona akipunga. Miaka yote hii amedhani alipungia hewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiandika sura ya tatu. Kwa mkono, herufi kubwa, kurasa nne. Kitambaa ni cha bluu. Nimeirudia kama prufu ya mwisho na sikuona kosa, ila pale wino ulipochuruzika, na hapo si kosa la mwandishi.

Kinyozi amenikatia nywele za safari bure. Alipomaliza alikiri kwamba Makali ni yeye. Alisema, "Mzee wangu, wewe ukiamkiwa tu, unatupa karata. Hata sikuhitaji kuangalia zangu." Nikamwambia hiyo ilikuwa mbinu. Akataka kujua mbinu gani. Nikasema bado inaiva.

Jumapili, 9 Machi

Tumo ndani ya treni. Mke wangu amesinzia begani kwangu, kurasa nne zimo kwenye mkoba na mkoba umo kwapani mwake. Akigutuka huuliza zimebaki stesheni ngapi, kisha hushika mkoba.

Treni ina mtandao mzuri. Nilichobakiwa nacho kinatosha kuingia meza ya tatu mara moja tu. Lakini mara moja ya mtu aliyekwisha kufunzwa na hasara ni sawa na thelathini. Na kinyozi sasa namjua, hanipati tena. Nimeapa kutoitikia salamu ya mtu.

Karata za kwanza: wafalme wawili. Makali akaandika: Shikamoo, mzee. Safari njema. Mwambie mama tunamwombea amkute mdogo wake mzima.

Nilikaza. Niliitazama saa ndogo ikizunguka. Nje mashamba yanapita, begani kwangu mtu anapumua polepole, na kijana wa watu amebaki na salamu yake mkononi.

Marahaba, mwanangu, nikaandika. Nikatupa wafalme.

Bila kufumbua macho, mke wangu akaniuliza niko sura ya ngapi.

"Ya nne," nikasema. "Inakwenda vizuri sana."