Magoti ya Mshambuliaji Mpya

Mwenyekiti wa klabu alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa alipoanza kueleza shida zake, na kinyozi, anayejua kwamba mteja aliyenyolewa nusu hana pa kwenda, akazima mashine ili asikie vizuri.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa. Watani wao wa upande wa pili wa mji walikuwa wameshapokea mshambuliaji kutoka nchi za mbali. Alishuka garini kwa ngoma na fataki, watu wazima wakalia. Na yeye, Mwenyekiti, mwenye kiwanda cha magodoro na sauti ya kuamrisha, kocha wake alikuwa amemletea nini? Mpango wa kikosi. Na katika mpango huo kocha aliomba mtu mmoja tu, beki wa kushoto.

"Beki wa kushoto," Mwenyekiti alikiambia kioo. "Umewahi kuona nani anapigiwa ngoma kwa ubeki wa kushoto?"

Kinyozi alikiri hajawahi. Alikuwa na ulimi wa kuongeza kwamba klabu ilikuwa na washambuliaji sita tayari, wanaogongana mbele ya goli kama watu wanaotoka kwenye lifti kwa pamoja, na kwamba upande wa kushoto nyuma palikuwa wazi kiasi kwamba wapinzani walipita wakipiga miluzi. Lakini alikuwa pia na familia, kwa hiyo akanyamaza.

Kwenye benchi la kusubiri, nyuma ya gazeti, alikaa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Sabuni, kwa sababu ukimshika anateleza, na akikupitia unabaki umesafika mifuko yote. Gazeti lilitulia. Likashuka kidogo. Macho mawili yakatokea juu yake.

"Mzee, niwie radhi, sikukusudia kusikiliza maneno ya wakubwa," alisema. "Ila kuna kijana yuko njiani, na watani wenu wameshamnusa. Ah, basi, nimeshasema mno."

Akaliinua tena gazeti. Tangu mpira ujazwe upepo, hajapatikana mwenyekiti wa klabu aliyemwachia mtu arudi nyuma ya gazeti baada ya maneno kama hayo.

Lazima tumtendee haki Sabuni. Hakuwa tapeli wa tamaa, alikuwa tapeli wa haja. Yeye na mkewe walikaa chumba cha uani nyumbani kwa mama mkwe, na njia ya kwenda chumbani ilipita sebuleni, mbele ya kiti cha mama mkwe mwenyewe. Mama yule hakuwahi kumuuliza lolote. Aliguna tu. Lilikuwepo guno la kuingia na guno la kutoka, na la kutoka ndilo lililokuwa baya zaidi, maana lilikuwa na matumaini ndani yake. Mkewe, msusi mwenye vidole vyepesi na maneno mazito, alikuwa ameshamwambia: anataka mlango wake mwenyewe, unaofunguka nje kwa watu. Mwezi ukiisha bila mlango, yeye atabaki kwa mama yake, na Sabuni atafute kwingine pa kuguniwa.

Akili hiyo ikiwa inamchemka, alifika nyumbani akamkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, amenyoosha miguu mkekani anapaka mafuta magotini. Shemeji alikuwa fundi wa vigae. Alikuwa na mapaja kama nguzo za daraja, kwa miaka ya kuinama na kuinuka na mifuko ya saruji, na magoti meusi, magumu, yenye kovu juu ya kovu. Sabuni hakuona magoti ya fundi. Aliona viwanja vyenye taa na mabeki wasio na huruma.

"Shemeji, umewahi kucheza mpira?"

"Kipa. Darasa la tatu. Wakanitoa."

"Vizuri sana. Basi huna mazoea mabaya."

Akamweleza kazi. Atakuwa mshambuliaji wa kigeni, jina la utani Nyundo, asiyejua neno hata moja la lugha ya hapa. Kazi yake ni kusimama na kunyamaza, na kunyamaza shemeji alikuwa nako kwa kuzaliwa. Aliahidiwa nusu ya mapato. Moyoni Sabuni aliikata nusu hiyo mara mbili, halafu akajihurumia kwa ukarimu wake.

Ofisini kwa Mwenyekiti mambo yalikwenda kama godoro jipya. Sabuni aliwasha simu akaonyesha mechi iliyopigwa picha kutoka juu kabisa ya jukwaa, mvua ikinyesha, wachezaji wadogo kama punje za mchele. Punje moja ikafunga goli. Mwenyekiti akaitazama punje, akamtazama shemeji, akasema kweli wanafanana. Daktari wa timu akayabonyeza yale magoti, akainamisha kichwa kwa heshima kama mtu aliyefika msibani.

"Magoti haya yamefanya kazi," akasema, na hilo ndilo neno pekee la kweli lililotamkwa ofisini siku hiyo.

Kocha aliuliza mchezaji anatumia mguu gani. Sabuni akamjibu kwamba anatumia unaohitajika. Kocha akakumbusha, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba yeye aliomba beki wa kushoto, na Mwenyekiti akamsihi asiwaharibie hewa.

Hesabu ya Sabuni ilikuwa kuondoka na bahasha palepale, na mshambuliaji aende kufuata mizigo yake asirudi tena. Lakini Mwenyekiti naye hakujenga kiwanda kwa kulala. Bahasha itatoka Ijumaa, mchezaji akishavaa jezi mbele ya mashabiki. Mpaka hapo atafichwa nyumbani kwa Mwenyekiti, kama klabu zinavyoficha usajili mpya, watani wasije wakamwiba. Sabuni alitabasamu. Ukimtazama kwa karibu ungeona tabasamu limemkwama.

Hapo ndipo mpango ulipoingia bafuni.

Bafu la wageni nyumbani kwa Mwenyekiti lilikuwa na vigae vya rangi ya maziwa, na mstari wake ulianza mlangoni kwa nia njema kabisa, ukafika kwenye sinki umepotea. Kigae kimoja kilibonyea. Kingine ukikigonga kililia kitupu. Mshambuliaji wa kweli angeoga akaenda zake. Shemeji, siku ya kwanza, alioga amefumba macho. Siku ya pili uzalendo ulimshinda: alikuwa amepiga magoti na kijiko cha chai, anabandua.

Mama Mwenyekiti alimkuta hivyo alipoleta taulo.

"Mama, nani alikuwekea hivi vigae?" shemeji aliuliza kwa uchungu, akisahau kabisa kwamba hajui lugha.

Mama Mwenyekiti aliziweka taulo chini polepole. Yeye ndiye aliyetunza hazina ya klabu, kwa sababu mumewe hakumwamini mtu mwingine yeyote na kwa sababu alimwogopa. Kila msimu aliomba fundi wa vigae, na kila msimu fedha ya vigae ilivaa jezi ikaenda kukaa benchi.

"Vinaweza kunyooka?"

"Hivi? Ving'olewe vyote."

"Na vya sebuleni?"

Shemeji aligeuza uso. "Vya sebuleni niliviona nilipoingia. Sikutaka kukuumiza."

Hakupiga kelele, mama yule. Aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea, akauliza maswali mafupi, akajibiwa majibu mafupi zaidi. Kuhusu mbio, shemeji alisema yeye hata mvua haikimbii. Mtu wa pembeni angedhani wanajadiliana bei ya saruji, na baada ya muda ndicho walichokuwa wanafanya.

Alasiri akaenda kusukwa. Akiwa na kichwa mikononi mwa msusi wake wa siku zote, akamnong'oneza kwamba mume wake amesajili fundi wa vigae. Vidole vya msusi vikasimama katikati ya mstari. Akauliza magoti yakoje. Alipoelezwa, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Huyo ni kaka yangu, mama. Na huyo wakala ndiye mume wangu."

Nywele zilibidi zifumuliwe zianze upya. Na zilipomalizika, usajili wa wanaume wale wawili ulikuwa umeshafungwa, ila wao walikuwa hawajaarifiwa.

Ijumaa mashabiki walijaa getini na ngoma zao. Sabuni alifika na suti aliyoazima, akapunga mkono kama aliyezaliwa akipungiwa, akapokelewa na Mama Mwenyekiti kwa adabu zote mpaka sebuleni. Makochi hayakuwepo. Sakafu ilikuwa imeng'olewa nusu. Shemeji alikuwa amepiga magoti na pimamaji, uso umetulia kama mtu aliyerudi kwao. Juu ya mfuko wa saruji alikaa Mwenyekiti, skafu ya klabu shingoni, akiwa na sura ya mtu ambaye ameambiwa. Na dirishani, mikono kifuani, alisimama msusi.

"Naona mchezaji anapasha viungo," Sabuni alijaribu.

Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mama Mwenyekiti akamweleza bila haraka kwamba bahasha iliondoka asubuhi mikononi mwa kocha, na imesharudi ikiwa na beki wa kushoto.

"Nje kuna watu na ngoma zao," akaendelea. "Nikiwaambia ulitaka kuwauzia nini, wataziweka chini ili mikono iwe huru."

Sabuni akauliza: "Au?"

"Au fundi anahitaji mtu wa kumkorogea."

Sabuni alimgeukia mkewe, kwa yale macho yaliyowahi kuuza kiwanja kimoja kwa ndugu wawili wanaolala chumba kimoja. Mkewe akamvua koti, akalikunja vizuri.

"Ujira wako nitaupokea mimi, mume wangu," alisema. "Nilikuomba mlango. Leo nimeuona umekaa kwenye ndoo ile pale, unakungoja."

Mwenyekiti, maskini, alitoka akasimama mbele ya umati, akakohoa, akatangaza kwamba klabu sasa inathamini uwiano wa kikosi. Watu wakaanza kugeuka waondoke. Lakini ngoma zilikuwa zimeshapashwa moto, na mtu hawezi kurudi nyumbani na ngoma ya moto, basi wakampigia beki wa kushoto. Yule kijana alilia machozi ya kweli. Nafasi yake haijawahi kutendewa hivyo.

Sabuni alikoroga saruji ya sebule, ya vyumba, ya ngazi na ya baraza. Mikono ilipasuka. Usiombe umwone mtu wa maneno akibeba mchanga. Siku moja, akipita na ndoo, alimkuta Mwenyekiti amechuchumaa karibu na fundi.

"Niambie ukweli, kijana. Hujawahi kucheza hata kidogo?"

"Kipa. Darasa la tatu."

"Kipa," Mwenyekiti alirudia taratibu, akitazama mbali.

Mlango ulipatikana. Ulikuwa wa vyumba viwili vidogo, unafunguka moja kwa moja nje kwa watu, na ndani shemeji aliweka sakafu iliyonyooka mpaka unaona aibu kuikanyaga. Ufunguo ulikuwa mmoja, shingoni kwa msusi. Jioni ya kwanza mama mkwe alikuja kuiona sakafu, akawekewa kiti, na Sabuni akakaa kizingitini akipunga upepo kama bwana mwenye mji.

Gari kubwa likapunguza mwendo. Kioo kikashuka. Mwenyekiti alikuwa ndani, ana skafu mpya. Alisema, chini kwa chini, kwamba dirisha dogo la usajili linakaribia, kipa ana bega bovu, na amesikia kwamba Sabuni ana binamu mrefu anayepanda nguzo za umeme.

"Mikono yake ikoje?" alinong'ona.

"Nani huyo?" msusi aliuliza kutoka ndani ya nyumba.

"Mtu amepotea njia, mke wangu," alijibu Sabuni. Akainuka, akavuta mlango wao, akaufunga polepole kwa heshima yote inayostahili mlango wa kwanza wa mtu. Kasoro ilikuwa moja. Aliufunga akiwa upande wa nje, na mguu mmoja ulikuwa umeshaingia garini.

Nyuma yake ufunguo ukazungushwa. Kisha, kupitia mbao mpya, likamfikia guno. Lilikuwa la kutoka.