Fahali wa Mzee Olais Kwenye Tovuti ya Watu Wote

Jumanne, 4 Juni

Basi hapo ndipo Baba aliponikatiza. Baba huyu ni baba mkwe, Mzee Olais, yuko kwetu Karatu wiki hii kutibiwa jino. Nilikuwa namweleza ile tovuti ya maarifa ninayoisoma gereji: kurasa za kila kitu duniani, zinaandikwa na watu wote, yeyote anarekebisha, hakuna anayelipwa. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikasema wote. Akasema basi itaibiwa.

Nikamwambia ni kama kisima chao Malambo: kila boma linanywesha mifugo, kila boma linatengeneza birika. Na anayechafua maji, akauliza? Hakuna, nikajibu. Mke wangu Nasha akacheka. Kicheko kile! Nikasahau nilikuwa naeleza nini.

Baba akasema sawa, fundi. Fundi! Nimemuoa binti yake kwa ng'ombe na baraka, bado sijaitwa mkwe. Lazima aniite mkwe kabla hajarudi Malambo. Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Ukurasa wa Malambo upo. Nimeongeza kwa kidole kimoja, vingine vina grisi: "Fahali bora kuliko wote ulimwenguni ni wa Mzee Olais. Binti yake Nasha ni mzuri kushinda Kreta ya Ngorongoro." Kweli tupu. Nikamsomea Baba. Akakaa wima, akapanga upya shuka begani. Akauliza kama Arusha wanaona. Nikamwambia hata Wajapani. Akawapigia simu wazee wa rika lake Malambo, mmoja mmoja. Nikangoja neno "mkwe". Akaomba chai.

Ijumaa, 7 Juni

Fahali ametoweka! Shemeji Sitonik, kaka yake Nasha, kapiga simu kutoka Malambo, anacheka hadi anakohoa. Wazee wamezunguka simu yake, wameona habari za mvua tu. Sasa wanasema Olais kazeeka, anaota ng'ombe. Aibu gani hii kwa Baba!

Nikamrudisha fahali. Chai haijapoa, katolewa. Nikamrudisha. Katolewa. Anayemtoa anajiita Hasna. Kaniandikia kwa adabu: karibu sana, tafadhali lete chanzo cha habari hii. Chanzo! Njoo umwone fahali, dada!

Nikafungua historia ya ukurasa ili nimkomoe. Lo! Kila badiliko lipo, tangu siku ya kwanza. Mmoja kaandika habari za malisho, mwingine kasahihisha, mwingine miaka baadaye kaongeza nukta. Hawajuani. Pengine hakuna hata mmoja aliyekanyaga vumbi la Malambo. Nikamwita Nasha. Tukatazama mashavu yamegusana. Vinyweleo vikanisimama. (Nusu kwa tovuti, nusu kwa shavu.)

Jumamosi, 8 Juni

Baba kadai maelezo. Nikamwonyesha historia yote: fahali kaingia, katoka, kaingia, katoka. Jina langu kila alipoingia. Kisha akasema kumbe mchafuzi wa kisima ni mimi. Nasha akajificha nyuma ya mtandio. Nikangoja kufukuzwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Lakini Baba alikuwa anamfikiria Hasna. Huyu mama halipwi? Halipwi. Ana mifugo kwetu? Hana. Na bado analinda maji ya watu asiowajua? Akashika kichwa, akasema kitu kwa Kimasai. Nasha akatafsiri: kumbe dunia bado ina watu. Akawapigia wenzake, akawaambia fahali aliwekwa na fundi, akatolewa na mlinzi, na mlinzi ana haki. Wakaguna kwa heshima. Nilisikia.

Kisha akaniamuru nimwandikie Hasna kwamba ana kondoo wake Malambo. Na kwa Wamasai, mkishapeana kondoo hamwitani tena majina, mnaitana Paker. Kwa hiyo Hasna, ambaye hatujui hata anakoishi, ni Paker. Mimi, mume wa Nasha, ni fundi.

Jumatatu, 10 Juni

Baba aliondoka jana. Nasha anaimba jikoni, na mimi nimelitafakari kosa langu hadi nimelipata: sikuweka chanzo! Sasa nimeandika upya: "Mkwe mpendwa wa Mzee Olais ni Martini, fundi hodari wa Karatu." Chanzo: Nasha, mke wangu, ameshuhudia kwa macho yake. Hasna hawezi kumkataa Nasha. Nani anaweza?

Nimempigia Baba papo hapo. Nimemwahidi kwamba kabla ya mwezi huu kuisha tutafika Malambo, nina kitu cha kumsomea mbele ya wazee wote. Kafurahi sana. Kasema karibu, fundi, na nisithubutu kuja bila Paker.