Nilivyonyimwa Tuzo kwa Kuua Vizuri Mno

Jumatatu, 4 Machi
Majina ya wanaowania tuzo za filamu yametoka. Langu halimo! Nimesoma juu hadi chini, chini hadi juu, nikageuza na karatasi. Steringi wetu, mhusika mkuu, yumo. Yule ambaye nusu ya filamu kalala hospitali amezimia, na hata kuzimia kunamshinda: kope zinacheza. Mimi niliyemtilia kaka yangu sumu kwenye chai huku natabasamu, patupu.

Sifa nazitaka, sikatai. Lakini kuna kubwa zaidi. Tangu mama mkwe aione filamu, amemchukua mke wangu. Anasema tabasamu lile mtu hajifunzi, huzaliwa nalo. Mpaka nimletee tuzo ndipo ataamini nilikuwa naigiza.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea mwenyekiti wa majaji ofisini kwake. Mama mpole. Akavuta mkoba wake karibu. Akanieleza kwamba jina langu lilijadiliwa, ila tuzo ni ya kuigiza, na mimi ilionekana wazi siigizi. Nikamshukuru sana! Nimefika chini ya ngazi ndipo nikaelewa nimetukanwa.

Jumatano, 6 Machi
Mpango: nionekane mwema, tena chini ya dirisha la majaji. Akapita bibi na kikapu kizito. Nikaomba nimpokee. Nikatabasamu. Kosa! Bibi akapiga yowe kwamba yule mtu aliyemtilia kaka yake sumu kwenye chai ndiye huyu. Fundi viatu akaniwahi na kiatu cha mteja. Mwenyekiti alikuwa dirishani. Nadhani alinipungia mkono. Au alikuwa anafunga pazia.

Ijumaa, 8 Machi
Maji yamenifika shingoni. Nikaenda ukweni, nikapiga magoti, nikalia. Machozi ya kweli, na makamasi juu. Shemeji yangu mdogo akauliza, kwa heshima zote, kama hiki si kile kilio cha mazishini, nilipomlilia kaka niliyemuua. Mama mkwe akasema ndicho hichohicho. Wakaniomba nirudie, jirani naye aone. Nikarudia! Wakapiga makofi, wakafunga mlango. Nimeumia jamani.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu amerudi mwenyewe na sanduku lake! Anasema mama yake hajawahi kuishi na mimi. Mwanamume anayetetemeka masikio akificha kwamba kamaliza sukari, ataua vipi mtu kimyakimya? Kwa hiyo nilikuwa naigiza, tena hakuna aliyenifikia. Sijawahi kusifiwa hivyo. Ameniomba jambo moja tu: nimwache mama yake apumue kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Mwongozaji kanipigia. Kazi mpya! Mkwe anayemsukuma mama mkwe wake kisimani. Nimekubali kabla hajamaliza kueleza. Safari hii hata mama mkwe mwenyewe ataona kwamba hii ni sanaa. Jioni nakwenda kumwomba ruhusa nifanye mazoezi kwenye kisima chao. Yeye atasimama tu pale ukingoni.